Kuchagua Programu ya Dansi katika Vyuo Vikuu vya Marekani: Anza na Ratiba ya Wiki

Mtu anayetaka kusomea dansi katika chuo kikuu cha Marekani hukutana kwanza na msururu wa majina yanayokaribiana: BFA, BA, BS, konsevatori, elimu ya dansi, fani ndogo ya dansi. Vipeperushi navyo havimsaidii sana, kwa kuwa karibu vyote vina picha ileile ya kijana aliyeruka juu na kunyoosha miguu angani, na maelezo ya chini yake yangeweza kuhamishwa kutoka chuo kimoja hadi kingine bila mtu kugundua. Ushauri wangu mkuu ni kwamba, kabla hujauliza chuo kina jina gani, uombe ratiba ya wiki ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, uketi nayo, uhesabu saa. Nasema mwaka wa pili kwa sababu ule wa kwanza mara nyingi hujaa masomo ya lazima kwa wote, na wa nne hutawaliwa na kazi ya kuhitimu. Wa pili ndio unaoonyesha programu ilivyo siku za kawaida.

Chukua Jumanne moja ya mwanafunzi wa BFA, yaani shahada ya kitaaluma ya sanaa ambayo lengo lake ni kumwandaa mtu awe mchezaji au mtunzi wa dansi. Saa mbili na nusu asubuhi ameshika fimbo ya ukutani katika darasa la baleti, ambalo litaendelea kwa saa moja na nusu. Akitoka hapo anabadilisha viatu, au anavivua kabisa, na kuingia darasa la dansi ya kisasa la muda uleule. Mchana ana anatomia ya mwili au utunzi wa dansi, na kuanzia saa kumi jioni ni mazoezi ya onyesho la muhula, ambayo yanaweza kumfikisha saa mbili za usiku. Somo pekee lisilo la dansi siku hiyo huenda likawa uandishi wa insha, na hata hilo amelipenyeza kati ya mambo mawili huku akila.

Mwenzake wa BA, shahada ya sanaa ya mfumo mpana, siku hiyohiyo anaanza na takwimu au historia, anakwenda studio mara moja saa tano, anapata chakula cha mchana akiwa amekaa, anasoma lugha ya kigeni alasiri, na jioni anaweza kuwa na mazoezi au asiwe nayo. Hakuna kati yao aliye na bahati mbaya. Mbaya ni pale ambapo mmoja ameingia katika Jumanne ya mwenzake bila kujua.

Nyumba mbili za kale

Mgawanyiko huu haukuzuka tu, na ukijua ulikotoka utaona kwa nini programu zinazobeba jina moja zinaweza kuwa na roho tofauti. Shahada ya kwanza ya dansi nchini Marekani ilianzishwa mwaka 1926 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin na Margaret H'Doubler, mwalimu wa elimu ya viungo ambaye alikuwa amesomea biolojia na kufundisha mpira wa kikapu. Mwenyewe hakuwa mcheza dansi wa jukwaani. Kwake dansi ilikuwa njia ya kumwelimisha mtu mzima, mwili na akili pamoja, na hakujishughulisha sana na iwapo wanafunzi wake wangepata ajira katika kampuni ya dansi. Nyumba ya pili ilijengwa New York mwaka 1951, pale shule ya Juilliard ilipofungua kitengo cha dansi chini ya Martha Hill, kikiwa na nia ya wazi ya kutoa wachezaji wa jukwaani, wanaosoma baleti na dansi ya kisasa kwa uzito sawa. Mwaka huohuo Willam Christensen alianza kufundisha baleti katika Chuo Kikuu cha Utah, jambo ambalo wakati huo vyuo vikuu vingi havikulidhania, kwa kuwa baleti ilihesabiwa kuwa mali ya shule binafsi na kampuni.

Programu nyingi za leo ni watoto wa mojawapo ya nyumba hizo, au wajukuu wa zote mbili. Ukiulizia historia ya idara na kuambiwa kwamba ilichipuka kutoka idara ya elimu ya viungo, tarajia mkazo wa ubunifu, ufundishaji na utafiti. Ukiambiwa ilianzishwa na wachezaji waliostaafu kutoka kampuni kubwa, tarajia mkazo wa mbinu na jukwaa. Si kanuni isiyovunjwa, ila hunisaidia kujua maswali ya kuanza nayo.

Herufi na uzito wake

Chombo kinachotoa ithibati mahususi kwa shule za dansi, ambacho kwa kifupi huitwa NASD na kilianzishwa mwaka 1981, hutofautisha shahada za kitaaluma na zile za mfumo mpana kwa kuangalia sehemu ya masomo iliyotengewa dansi. Katika BFA sehemu hiyo huwa angalau asilimia 65 ya krediti zote, yaani vipimo vya uzito wa kozi. Shahada ya miaka minne huwa na krediti takriban 120, kwa hiyo tunazungumzia krediti 78 au zaidi za dansi na mambo yake. Katika BA dansi hupata karibu theluthi moja ya masomo, au zaidi kidogo, na nafasi inayobaki ndiyo inayomwezesha mtu kuchukua fani kuu ya pili, kama uchumi au saikolojia, na kumaliza bado katika miaka minne. Si kila programu nzuri imeomba ithibati ya chombo hicho, kwa hiyo kutokuwemo katika orodha yake si dosari yenyewe. Ithibati ya chuo kizima, hata hivyo, si jambo la hiari: bila hiyo, krediti zako zinaweza kukataliwa kwingine.

BS, ambayo kwa jina ni shahada ya sayansi, huwachanganya watu, kwa sababu herufi ya pili huwafanya wadhani masomo yenyewe ni ya sayansi. Katika Chuo Kikuu cha Indiana, kwa mfano, baleti imo ndani ya Shule ya Muziki ya Jacobs, na shahada inayotolewa ni BS ya baleti, ambayo mwanafunzi huiambatanisha na masomo ya fani nyingine iliyo nje ya muziki na dansi. Ratiba yake studio ni nzito kama ya BFA nyingi. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu saa: herufi hukuambia nusu ya habari, na wakati mwingine hata nusu haifiki.

Konsevatori nayo ni mtindo wa kuendesha masomo zaidi kuliko aina ya shahada. Wengi wa wanaomaliza humo hupata BFA, ila wanakuwa wameishi miaka minne katika kundi dogo linalopanda darasa pamoja, na masomo machache sana ya nje. Juilliard huchukua wacheza dansi wapya wapatao 24 tu kwa mwaka. Kundi dogo kiasi hicho lina faida iliyo dhahiri, kwa sababu mwalimu anaujua mguu wako wa kushoto kuliko unavyoujua wewe, na lina hasara ambayo watu hawaisemi hadharani: usipoelewana na kundi, huna pa kukimbilia, kwa kuwa ni haohao asubuhi, mchana na usiku. Programu ya BFA ya dansi katika shule ya Tisch ya Chuo Kikuu cha New York hubana mafunzo katika miaka mitatu kwa kutumia pia majira ya joto, na jambo hilo linapunguza mwaka mmoja wa gharama za maisha lakini linaondoa likizo ambazo wengine huzitumia kufanya kazi au kuuguza majeraha.

Kati ya konsevatori na chuo kipana kuna ndoa za kuvutia. Tangu mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Fordham na Shule ya Ailey, shule ya dansi ya New York, wamekuwa wakitoa BFA kwa pamoja: mwanafunzi husoma mbinu za dansi ya kisasa za Horton na Graham, baleti na dansi za Afrika Magharibi katika jengo la Ailey, kisha hutembea mitaa michache ya Manhattan kwenda Fordham kusoma falsafa au historia. Jambo la kuuliza katika programu ya namna hii ni dogo lakini lina uzito wake: ni dakika ngapi zimeachwa kati ya darasa la dansi na la kawaida? Mwanafunzi aliyepewa dakika kumi na tano kuoga, kuvaa na kutembea ataufikia mhadhara akiwa na jasho na akili ambayo bado inahesabu hadi nane.

Aina ya dansi ni swali la pekee yake

Watu hujadili BFA na BA kwa muda mrefu kiasi cha kusahau kuuliza dansi gani hasa inafundishwa kila siku. Neno la kuangalia ni «kila siku». Chuo kinaweza kuorodhesha baleti, dansi ya kisasa, jazi, hip hop, dansi ya viatu vya kugonga na dansi za Afrika Magharibi, lakini ratiba ikaonyesha kwamba mbili za kwanza zipo siku tano kwa wiki na zilizobaki ni mara moja, kwa muhula mmoja, ikiwa mwalimu wa muda atapatikana. Ukitaka viatu vya kugonga na dansi ya tamthilia za muziki, Chuo Kikuu cha Oklahoma City kimejijengea jina kwa mitindo hiyo ya Kimarekani badala ya baleti na dansi ya kisasa. Chuo Kikuu cha Point Park, mjini Pittsburgh, huruhusu mwanafunzi wa BFA kuegemea jazi, jambo ambalo idara nyingi hazitoi. Shule ya dansi ya Kaufman katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2015, iliweka hip hop katika msingi wa mafunzo sambamba na baleti, na ukilinganisha na idara ambako hip hop ni kozi ya kujifurahisha ya jioni utaona tofauti mara moja.

Kwa mcheza baleti kuna swali gumu zaidi, nalo ni umri. Kampuni za baleti huajiri vijana wadogo, wengi wakiwa na miaka 17 hadi 19, kwa hiyo miaka minne ya chuo ni gharama ambayo mcheza dansi ya kisasa hailipi kwa kiwango hicho. Mcheza baleti Misty Copeland hakupitia chuo kikuu kabla ya kuingia kampuni ya American Ballet Theatre, ambako mwaka 2015 alipandishwa kuwa mchezaji mkuu. Upande wa dansi ya kisasa habari ni tofauti: mtunzi wa dansi Twyla Tharp alihitimu chuo cha Barnard mwaka 1963 akiwa amesomea historia ya sanaa, na mtunzi mwenzake Paul Taylor alikwenda Chuo Kikuu cha Syracuse akiwa mchoraji na muogeleaji kabla ya kuhamia dansi. Sitaji majina haya ili mtu aige. Nataka ieleweke kwamba kila mtindo una saa yake. Kijana wa baleti ambaye ameahidiwa nafasi ya uanafunzi katika kampuni anaweza kuichukua na kusoma baadaye, kwa sababu zipo programu zilizoundwa kwa ajili ya wachezaji walio kazini, kama ile iitwayo LEAP katika chuo cha Saint Mary's, California, ambayo imekuwa ikiwapa wacheza dansi shahada ya BA tangu mwaka 1999.

Anayetaka kufundisha katika shule za umma anahitaji njia nyingine kabisa. Leseni ya ualimu hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake, na yapo majimbo ambayo dansi haina leseni yake ya pekee. BFA ya uchezaji, hata kutoka chuo cha kifahari, haimpi mtu leseni hiyo peke yake. Hutafutwa programu ya elimu ya dansi ambayo ndani yake mna mazoezi ya kufundisha darasani, na ni vizuri iwe katika jimbo ambalo mtu anatarajia kufanya kazi. Anayevutiwa na tiba kwa njia ya dansi, ambayo chama chake cha kitaaluma cha Marekani kilianzishwa mwaka 1966, ajue kwamba sifa ya kuanzia ni shahada ya uzamili. Kwake BA ya dansi pamoja na saikolojia ni msingi bora kuliko BFA iliyojaa mazoezi ya jukwaa. Na yule anayependa kucheza tu bila kufanya dansi iwe kazi yake ana fani ndogo, ana vikundi vya wanafunzi, na ana timu za dansi za vyuo zinazoshindana kitaifa. Nafasi katika timu hizo hupatikana kwa usaili wake wenyewe, hauhitaji kusomea dansi, na mazoezi yake si haba. Lakini mbinu za timu na za idara ya dansi si zilezile, na wapo wakufunzi wa idara wasiofurahia kuona wanafunzi wao wakichoka huko.

Nenda ukaketi pembeni

Vyuo vingi humruhusu mwombaji kutazama darasa, na vingine humruhusu kushiriki. Ukiweza kwenda, nenda siku ya kawaida, usiende siku ya maonyesho ya wazi tu. Anza na sakafu. Sakafu nzuri ya dansi ina mnepo: imejengwa juu ya fremu ya mbao au vibao vya sponji, na juu yake limetandikwa zulia laini la vinili lisiloteleza. Ruka kidogo mahali pamoja ukiwa umevaa soksi. Sakafu ikirudisha mguu wako kwa ulaini na kutoa mlio mzito kama ngoma, iko sawa. Ikinyamaza na kisigino kikauma, chini ya vinili hiyo kuna zege, na miaka minne juu ya zege hulipwa na magoti na mifupa ya muundi.

Kisha hesabu vichwa. Darasa la mbinu lenye watu kumi na wanane na mwalimu mmoja si sawa na lenye thelathini na watano. Sikiliza kama kuna mpiga piano au mpiga ngoma hai, au ni spika peke yake. Muziki hai hugharimu pesa, na idara inayomlipa mwanamuziki kila siku imekuonyesha inachokithamini. Halafu acha kumtazama mchezaji hodari wa mstari wa mbele, umtazame aliye nyuma kwenye kona. Je, mwalimu humfikia? Humrekebisha kwa jina? Nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo ubora wa programu unapoonekana, kwa sababu yule wa mbele angeendelea popote, na kuna uwezekano mkubwa kwamba katika muhula wako wa kwanza wewe ndiye utakayekuwa kwenye kona.

Darasa likiisha, wasogelee wanafunzi bila mwalimu. Waulize wangapi kati ya walioanza nao mwaka wa kwanza bado wapo. Baadhi ya programu za BFA hufanya tathmini mwishoni mwa mwaka wa kwanza au wa pili na kumwondoa, au kumhamishia BA, yule anayeonekana hafikii kiwango. Utaratibu huo si siri, lakini haukai kwenye ukurasa wa mbele wa kipeperushi. Waulize nani huchagua wachezaji wa maonyesho, na kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupanda jukwaani au hukaa akitazama hadi wa tatu. Waulize pia mtu akiumia kifundo cha mguu Jumatatu, anaonwa na nani, na lini. Idara iliyo na mtaalamu wa fiziotherapia ndani ya jengo hujibu swali hilo kwa sekunde mbili. Ile isiyo naye huanza kukueleza habari za bima.

Usaili na kalenda yake

Katika vyuo vingi maombi ni mawili kwa wakati mmoja: moja kwa ofisi ya udahili, inayoangalia alama zako, na jingine kwa idara, inayoangalia mwili wako ukitembea. Kukubaliwa na moja hakumaanishi kukubaliwa na nyingine, na kuna waliofaulu usaili wa dansi vizuri kabisa kisha wakakwama kwenye alama. Programu nyingi zenye ushindani huanza na mchujo wa video mwishoni mwa mwaka, kisha huita waliopita mchujo kwa usaili wa ana kwa ana kati ya Januari na Machi. Usaili wenyewe huwa ni darasa la baleti, darasa la dansi ya kisasa, kipande cha peke yako cha dakika moja na nusu hadi mbili, na mara nyingi mahojiano mafupi. Programu nyingi za BA hazina usaili wa kuingia kabisa, au huuomba kwa ajili ya ufadhili na kupanga madaraja tu, na hiyo ni njia nzuri kwa mtu aliyeanza dansi akiwa mkubwa au aliyejifunza mitindo ambayo majaji wa baleti hawaizoei.

Katika kipande cha peke yako, usijaze kila unachojua. Majaji wameshaona mizunguko na miruko tangu asubuhi; wanachotafuta ni kama unaweza kusimama, kuhama uzito na kusikiliza muziki. Katika darasa, mwalimu akikupa rekebisho moja, lifanye palepale na ulibebe hadi mwisho wa darasa, kwa maana mara nyingi rekebisho hilo hutolewa kwa makusudi ili waone kama unafundishika. Na katika mahojiano, mtu aliyesoma ratiba ya wiki atauliza maswali yatakayomtofautisha na wengine bila jitihada.

Ninashauri usaili usizidi vyuo sita au saba. Kila kimoja kina ada ya maombi, nauli na siku zilizopotea, na mwili unaosafiri kila wikendi kwa miezi miwili hauchezi vizuri.

Anayetoka nje ya Marekani

Mwombaji asiye raia wala mkazi ana tabaka jingine la masharti, nalo linapaswa kuathiri uchaguzi wake wa programu mapema. Viza ya kawaida ya mwanafunzi ni F-1, na ili kuiomba unahitaji fomu ya I-20, ambayo hutolewa tu na chuo kilichoidhinishwa na serikali ya shirikisho kupokea wanafunzi wa kigeni, baada ya kuonyesha kwamba una fedha za mwaka wa kwanza. Ukishaingia, unatakiwa kusoma angalau krediti 12 kila muhula. Kazi inaruhusiwa ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini kupokea malipo ya onyesho nje ya chuo bila idhini ni kuvunja masharti ya viza, hata kama ni dola hamsini na mwenye onyesho ni rafiki. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa inaweza kuidhinisha mafunzo kwa vitendo yanayohusiana na masomo, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo uliza kama idara ya dansi imewahi kufanya hivyo na inajua njia.

Baada ya kuhitimu, F-1 humpa mtu miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake. Wahitimu wa sayansi na teknolojia huongezewa miezi 24, lakini dansi haimo, na BS ya baleti haimo pia, kwa kuwa kinachoangaliwa ni msimbo wa fani wala si herufi za shahada. Mwenye fani kuu mbili, dansi na mojawapo ya masomo yaliyo kwenye orodha hiyo, anaweza kunufaika na la pili ikiwa kazi yake inahusu somo hilo. Hii ni sababu ya kutosha kwa mwanafunzi wa kigeni kuitazama BA kwa jicho jipya, hata kama moyo wake uko kwenye BFA.

Fedha, na chuo chenyewe

Ada ya masomo peke yake katika vyuo vikuu vingi vya binafsi hupita dola 50,000 kwa mwaka, na mishahara ya wacheza dansi inajulikana kuwa midogo. Sioni aibu kusema kwamba mkopo mkubwa kwa ajili ya BFA ni jambo la kuliogopa, na kwamba programu ya daraja la pili katika chuo cha umma cha jimbo lako, isiyo na deni, inaweza kukuacha huru kukubali kazi ya malipo madogo kwa mtunzi mzuri ukiwa na miaka 23, ilhali mwenzako wa konsevatori anafanya kazi ya mgahawa ili kulipa riba. Njia ya miaka miwili katika chuo cha jamii kisha kuhamia chuo kikuu hupunguza gharama pia, ila kwa dansi ina mtego wake: krediti za masomo ya kawaida huhamishika, lakini ngazi yako ya mbinu hupangwa upya kwa usaili, na programu ya BFA inaweza kukurudisha mwaka wa kwanza wa studio hata kama umemaliza nusu ya krediti zote.

Chunguza pia afya ya chuo. Mwishoni mwa Mei 2024, University of the Arts cha Philadelphia, kilichokuwa na shule ya dansi yenye heshima, kilitangaza kwamba kitafunga milango, na kikafunga baada ya wiki moja tu, tarehe 7 Juni. Wanafunzi waliokwisha kulipa amana ya mwaka uliofuata walibaki wakitafuta pa kwenda. Angalia kama idadi ya wanafunzi inapungua mwaka hadi mwaka, na kama chombo kinachotoa ithibati kimekiweka chuo chini ya onyo, kwa maana habari hizo huchapishwa.

Majibu hufika Machi na Aprili, na tarehe 1 Mei ndiyo siku ambayo vyuo vingi hutaka amana ya kushikilia nafasi. Kabla ya kulipa, chukua barua ya ufadhili na uulize kama kiasi hicho kinatolewa kwa miaka yote minne au kwa wa kwanza tu, kama kitaendelea ukihama kutoka BFA kwenda BA, na kitakuwaje ukikosa muhula mzima kwa sababu ya jeraha la goti. Omba majibu hayo yaandikwe kwa barua pepe na ofisi ya misaada ya fedha, si na idara ya dansi, kwa sababu mwalimu wa dansi aliyekupenda kwenye usaili anaweza kukuahidi kwa nia njema jambo ambalo hana mamlaka nalo.